Kibao cha Nyumba ya Pancras

Pikipiki ilizimwa nje wakati Bonifasia amepiga magoti kando ya umuvure, ule mtumbwi wa kukamulia ndizi, akifinya ndizi mbivu kwa nyasi. Shemeji yake Thobias, aliyekuwa upande wa pili, hakuinua kichwa. Ndizi zikishatolewa kwenye shimo la kuivishia hazisubiri mgeni.

"Hodi humu ndani."

"Karibu, mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

Alikuwa Gaudence, bwana afya wa kata. Alisimama mlangoni na bahasha mkononi, akikagua chumba kana kwamba ndiyo kwanza anakiona. Kilikuwa chumba kikubwa cha mbele, chenye kuta za matofali ya kuchoma ambayo Pancras, baba mkwe wa Bonifasia, aliyafyatua mwenyewe akiwa kijana. Tangu paa lilipowekwa, pombe ya ndizi ilitengenezwa humo kila wiki. Nusu ya kijiji cha Keza ilioa, ikabatiza na kuzika kwa pombe ya nyumba hiyo. Bonifasia aliletwa hapo akiwa bibi harusi wa miaka kumi na tisa. Sasa alikuwa na hamsini na nane, mjane, na watoto wake wanne wote walisomeshwa na mtumbwi ule.

"Mama, nimeleta barua," Gaudence alisema. "Hapa panafungwa kuanzia leo. Ukuta unatakiwa uwe na vigae, sakafu iwe ya saruji, na dirisha liongezwe. Ukimaliza unaniita, nakagua, unafungua."

"Nani ameugua?"

"Hakuna aliyeugua. Ni viwango."

"Mwaka jana ulikunywa humuhumu, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yako."

Gaudence alitazama viatu vyake. "Nilikunywa. Sikuwa na barua."

Thobias aliinuka, mikono ikimchuruzika juisi. "Na hii tuliyokwisha kuikamua?"

"Imwageni, mzee."

Waliibeba kwa ndoo hadi nyuma ya nyumba, wakaimwaga kwenye mashina ya migomba. Walirudi mara sita. Nyuki walifika kabla hawajamaliza. Gaudence alifunga mlango kwa kufuli jipya, akabandika karatasi yenye mhuri, akaaga kwa heshima.

Saa nane mchana likaja gari. Akashuka Jovina, ofisa wa utamaduni, ambaye mwezi uliopita alikuwa amekuja mara mbili na daftari kuandika habari za nyumba: nani aliijenga, matofali yalichomwa wapi, mtumbwi ulichongwa na nani. Alikuwa mchangamfu. Dereva alimsaidia kushusha kibao cha bati chenye rangi ya bluu.

"Mama, mmepita! Nyumba yenu inaorodheshwa."

Bonifasia alifuta mikono kwenye kitenge, akasoma taratibu: NYUMBA YA PANCRAS. URITHI WA KIHISTORIA. HAPA PALIKUWA PAKITENGENEZWA POMBE YA NDIZI.

"Palikuwa?" aliuliza.

"Ndiyo lugha ya vibao, mama."

"Kimeandikwa lini?"

"Wiki iliyopita."

"Wiki iliyopita nilikuwa natengeneza. Nimefungiwa leo asubuhi."

Akamwonyesha karatasi mlangoni. Jovina aliisoma mara mbili, na uchangamfu ukampungua. "Vigae? Hapana, hapana. Nyumba ikishaorodheshwa hairuhusiwi kuguswa ukuta. Hata chokaa mpaka kibali."

"Basi mwambie Gaudence. Mnalipwa na ofisi moja."

Jovina alipiga simu, akitembea huku na huku chini ya migomba. "Ndiyo, kaka… naelewa, hiyo ni idara yako… na mimi yangu…" Alirudi akiwa amekunja uso. "Anasema niandike kwa mkuu wake wa idara. Watajibu."

"Lini?"

"Labda mwaka wa fedha ujao."

Thobias alicheka kidogo, kicheko kikavu. Jovina akatoa fomu na kalamu. "Saini tu hapa, mama, kwamba umekubali kibao. Mengine tutayafuatilia."

"Sisaini. Nikisaini nimekubali kwamba tumekwisha."

"Bila saini sina namna ya kuilinda hii nyumba. Wakija siku moja na katapila, sitakuwa na la kusema."

"Nimekusikia, mwanangu."

Jovina alingoja. Bonifasia hakuipokea kalamu. Kibao kikarudishwa garini.

Jioni walianza kufika wanywaji wa kila Ijumaa. Wa kwanza alikuwa Ndikuriyo, fundi matofali mwenye mvi, ambaye kwa kawaida huketi kwenye benchi la barazani. Aliisoma karatasi, akamtazama Bonifasia.

"Leo hakuna," Bonifasia alisema.

"Nimeona." Akaketi.

Wakaja wengine. Kila mmoja aliambiwa hakuna, na kila mmoja aliketi. Walizungumzia mvua, bei ya mbolea, na ng'ombe wa jirani aliyevunjika mguu. Kabla jua halijazama, Gaudence alirudi na pikipiki yake.

"Nimeambiwa watu wamekusanyika kwenye jengo lililofungwa." Alitafuta vikombe kwa macho, asione hata kimoja. "Sasa mnafanya nini hapa?"

Ndikuriyo ndiye aliyejibu, bila kupandisha sauti. "Mwaka sabini na mbili nilifika hapa mgongoni mwa mama yangu, tukikimbia mauaji Burundi. Nyumba ilijaa watu hadi huku barazani. Mzee Pancras alisimamisha pombe, juisi yote akawapa watoto. Mama aliniambia hivyo mpaka anakufa. Hakuna aliyetuuliza tunafanya nini."

Gaudence aliisukuma pikipiki kwa mikono mpaka barabarani, ndipo akaiwasha.

"Nipe maji basi, mama," Ndikuriyo alisema.

Bonifasia alizunguka hadi jikoni, akamletea maji kwenye kikombe cha plastiki. Kisha akaketi benchini kati yao, jambo ambalo katika miaka yote ya kuwahudumia hakuwahi kulifanya.