Kushuka kwa Hiari

Mnazi wa nyuma ya nyumba kubwa ulikuwa na vipago vya kukwelea vingi kuliko yote shambani, na Mwinyimvua alivijua kama mtu anavyoyajua meno yake. Alivikata mwenyewe kwa panga, kimoja kimoja, mnazi ulivyokuwa ukirefuka, wakati yeye angali na magoti mazima. Asubuhi ile alisimama chini akautazama, akatukana kimoyomoyo. Hakuutukana mnazi. Mnazi una kosa gani? Alimtukana Mbaruku, msimamizi wa shamba, aliyekaa kivulini juu ya rundo la makumbi.

"Mzee Mwinyimvua, leo unausomea dua?" Mbaruku akauliza. "Au unangoja uiname?"

"Nangoja ukwee wewe. Tumbo hilo likifika kipago cha tatu, nitakuchinjia jogoo."

Salumu, mkwezi mwenzake, alicheka huko juu ya mnazi wa pili.

"Angua nazi, bwana," Mbaruku akasema. "Mwangusho huu tu, kisha tutazungumza."

Mwangusho huu tu. Maneno hayo Mwinyimvua alikuwa ameyala miaka minne, kila nazi zinapokomaa. Bwana Hamed, Mungu amrehemu, ndiye aliyemwahidi mbele ya watu: "Siku utakayoshuka kwa hiari yako, nyumba unayokaa na minazi mitatu ya mlangoni ni mali yako. Ila ukifukuzwa kwa kosa, huna kitu." Kisha Bwana Hamed akafa. Mwanawe Darwesh akarithi, naye anakaa Unguja, anavuka kuja Bagamoyo mara moja kwa mwaka kuuliza kwa nini nazi ni chache. Amri ikabaki kwa Mbaruku, aliyehesabu kushuka bila ruhusa yake kuwa kosa, na kwake siku ya hiari haikufika. Mtumwa hununuliwa, Mwinyimvua alizoea kusema, mwungwana huahidiwa. Mgongo unaoumia ni ule ule.

Dija, mkewe, aliingoja siku hiyo kuliko yeye. Alitaka waende Mkange kwa dada yake wakae mwezi mzima, wale tu na kulala. Homa ya masika iliyopita ikamchukua. Akazikwa nyuma ya nyumba yao, penye mnazi wa tatu. Kwa hiyo Mwinyimvua hakuthubutu kulitupa panga akaenda zake. Angewaachia nyumba, angewaachia na kaburi, na kesho Mbaruku angepanda muhogo juu yake.

Alijifunga kamba miguuni. Mnazi ule uliangalia ua wa ndani, na kawaida ya wakwezi ilikuwa kupiga ukelele mara tatu kabla ya kukwea, wanawake wapate kujisitiri. Mwinyimvua akaita: "Mkwezi! Mkwezi! Mkwezi!" Masikioni mwake sauti ilitosha. Akakwea.

Katikati alipumzika, shavu juu ya gome. Palipobaki kidogo alipumzika tena, miguu ikimtetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa jana. Alipofika kileleni akashika kuti, akatazama chini ajue pa kuangushia nazi, akamwona Bibi Zeyana, mjane wa Bwana Hamed, amekaa juu ya mkeka na nywele zake nyeupe zimefumuliwa, mjakazi anazipaka mafuta.

Mjakazi akapiga yowe.

Mwinyimvua alifumba macho, akashuka hivyo hivyo, akipapasa vipago kwa vidole vya miguu. Alipogusa mchanga Mbaruku alikwisha kusimama, uso umemchangamka kama wa bwana harusi.

"Umemchungulia Bibi! Salumu, umeona? Hili ni kosa. Kosa kubwa! Leo leo vyombo vyako nje."

"Niliita mara tatu."

"Nani aliyesikia? Mimi sikusikia. Salumu, ulisikia?"

Salumu, aliyekwisha kushuka naye, aliitazama miguu yake. "Niliona mdomo ukifunguka," akasema.

Mlango wa uani ukafunguka upana wa kiganja. Bibi Zeyana alikuwa nyuma yake. Ilionekana ncha ya ushungi tu.

"Mbaruku, nyamaza. Mwinyimvua, uliita?"

"Wallahi niliita, Bibi."

"Basi sauti yako haitoki tena. Mkwezi asiyesikika anafanya nini juu?"

Mwinyimvua akaugeukia mlango. "Unaniuliza mimi, Bibi? Waulize wenye amri! Bwana Darwesh yuko Unguja anakula halua. Huyu kila siku ananiambia mwangusho huu tu. Mke wangu amekufa akingoja nipewe ruhusa. Mmemla Dija nyinyi, mkanibakiza mimi niwaangulie nazi."

Mbaruku alitaka kusema. Mlango ukagongwa kwa ndani mara moja, akanyamaza.

"Dija alikuja kwangu," Bibi akasema polepole. "Mwaka juzi, kabla ya Ramadhani. Akaniombea ruhusa yako. Nikampa palepale, nikamwambia mwache ashuke hata kesho. Siku ya pili akarudi. Akasema, 'Bibi, nimempima kwa maneno, mwenyewe hataki. Anaona shamba litaharibika bila yeye. Usimwambie kuwa nilikuja.'"

Mwinyimvua aliushika mnazi kwa mkono. Aliukumbuka usiku huo, kati ya siku hizo mbili. Dija alikuwa akimenya muhogo, akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua: ukipewa ruhusa kesho, utashuka? Naye akajibu kwa kujitapa: shamba wamwachie nani? Salumu? Yule anakwea kama anayepanda kitanda cha mgonjwa! Dija alicheka. Hakuuliza tena.

"Mngeniambia," akasema mwishowe.

"Ungeuliza," Bibi akajibu. "Sasa niambie wewe, na Mbaruku asikie. Leo umeshuka kwa kosa, au umeshuka kwa hiari yako?"

Mbaruku akakohoa. "Bibi, mimi naona..."

"Sikukuuliza wewe."

Mwinyimvua aliifungua kamba miguuni. Fundo lilikuwa limekazana kwa jasho, ikamchukua muda, na hakuna aliyemsaidia.

"Nimeshuka kwa hiari yangu," akasema.

"Nyumba ni yako, na minazi, na alipolala mwenzako. Salumu ni shahidi." Mlango ukafungwa.

Adhuhuri ilimkuta amelala kibarazani kwake, kazi za watu zikisikika mbali. Alijaribu kumlaumu Mbaruku, ambaye kumlaumu ni rahisi. Akamlaumu Darwesh. Akapanda mpaka kwa liwali wa mji, na Seyyid wa Unguja, na Wadachi wanaosemekana wanakuja. Wote walikuwa na makosa, hakika. Hakuna hata mmoja aliyekuwapo usiku ule wa muhogo.

Jirani yake Mwanvita akapita na mtungi kichwani, akitoka kisimani.

"Kulikoni, kaka Mwinyimvua? Umelala mchana, unaumwa?"

"Siumwi. Nimeacha kazi. Nyumba wamenipa, na minazi."

"Alhamdulillahi! Basi sasa utakula raha."

"Na nani?"

Mwanvita aliutua mtungi. Akamchotea maji kwa kata, akampa kwa mikono miwili. Mwinyimvua aliinuka akanywa yote.

"Ya baridi," akasema.

Mwanvita akakaa kwenye kizingiti, akangoja kata yake.