Pindo la Mlingoti

Siku ya kuchagua viatu na kukata pindo la gauni, Mlingoti aliwahi kuamka kuliko jogoo wa jirani. Akaoga, akavaa, akakaa ukingoni mwa kitanda kama abiria anayeogopa kuachwa na basi. Harusi ilikuwa Jumamosi inayofuata. Alijaribu kunywa chai ikamshinda, maana furaha ilikuwa imemjaa mpaka kooni na chai haikuwa na pa kupita.

Jina la Mlingoti alipewa na kaka zake tangu utotoni, kwa kuwa chochote kilichowekwa juu ya kabati yeye alikishusha bila kupanda kiti. Alikuwa mrefu, jamani, mrefu wa kusifiwa na wageni na kutaniwa na ndugu. Mchumba wake, Fundi Saa, alikuwa mfupi. Tusizungushe maneno: akisimama wima kabisa, utosi wake ulikoma begani kwa Mlingoti. Lakini kipenda roho hula nyama mbichi, na hawa wawili walipendana hadharani, mpaka watu wazima wakawa wanajifanya wanatafuta kitu mifukoni.

Wa kumsindikiza alikuwa Shangazi, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea. Shangazi alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kufika mtaa wa pili, na kila jambo chini ya jua alikuwa na neno la kulisemea.

Duka la viatu lilikuwa jembamba, rafu zimepanda ukutani hadi darini. Juu kabisa kulikuwa na jozi moja ya mchuchumio, nyeupe, ina kamba ya kuzunguka kifundo iliyoshonewa shanga ndogondogo. Muuzaji akaenda nyuma kuleta ngazi. Aliporudi nayo, Mlingoti alikuwa ameshavishusha mwenyewe na mguu mmoja umeshaingia.

Aliyeviita viatu vile mchuchumio hakukosea. Ukivivaa ni kama unachuchumia, kama kuna kitu kizuri kimewekwa juu kidogo na mkono wako unakaribia kukifikia. Mlingoti alisimama, akaenda mpaka mlangoni, akageuka, akarudi, ko, ko, ko, huku anacheka peke yake.

"Chema chajiuza," muuzaji alisema akiwa bado amekumbatia ngazi yake. "Mimi sina la kuongeza."

Shangazi hakucheka. Alikohoa kile kikohozi chake cha kutangulia habari mbaya.

"Mwanangu, vua kwanza. Jana mkwe alipita nyumbani, wewe ulikuwa saluni. Hata kuketi hakuketi, pikipiki inamngoja mlangoni, inanguruma. Akaniachia neno. Akasema, mwambie bibi harusi, viatu virefu asivae."

"Kasema hivyo?"

"Kwa masikio yangu haya. Na mimi nikamjibu, umenena, baba. Mume hapitwi kimo siku ya harusi yake. Watu watacheka."

Mlingoti aliinama kufungua kamba, akakawia kuinuka. Kilichomuuma si viatu. Viatu ni viatu. Ila katika dunia nzima yenye watu wa kumwambia 'jishushe kidogo', alidhani amempata mmoja ambaye urefu wake haumsumbui, na huyo ndiye anayemwoa. Akachagua viatu vya chini, vyeupe, visivyo na kosa lolote. Muuzaji akavitia kwenye mfuko, vile vya mchuchumio akaviacha pale pale juu ya kaunta.

Kwa bahati nzuri, gauni ni gauni. Walipovuka barabara na kuingia kwa Mama Cherehani, mshonaji, chumba kikinuka pasi ya moto na kitambaa kipya, Mlingoti akaliona limetundikwa dirishani na furaha ikamrudia nusu nzima. Lesi mikononi, vifungo vidogo vikishuka mgongoni hadi kiunoni, na chini kitambaa kimeachwa kirefu, kinangoja mkasi.

"Vaa, nikuone," Mama Cherehani alisema, na alipomwona akasahau kutoa pini mdomoni. "Mmh! Atazimia bwana harusi wa watu."

Mlingoti akakimbilia kioo. Kilikuwa kioo chembamba kilichoegemezwa ukutani, na kilimkoma kidevuni. Ili auone uso wake alikunja magoti. Alikuwa stadi wa kukunja magoti: kwenye vioo vya watu, kwenye picha, akisalimiana, akisikiliza watu. Hata hakujua tena kama anakunja.

"Vaa na viatu," Mama Cherehani alisema. "Pindo halikatwi bila viatu vyenyewe vya harusi. Na nikishakata, nimekata. Kitambaa kimeisha, hakuna pa kuongezea."

Akapiga magoti sakafuni, akaanza kuchomeka pini. Mara akasimamisha mkono.

"Simama wima, binti."

"Nimesimama."

"Hujasimama. Nyoosha mgongo." Akachomeka, akachomoa. "Umerudi tena! Ukijikunja pindo linadanganya. Nitakata kwa kimo ambacho si chako, halafu siku yenyewe ukisahau kujikunja, gauni litaning'inia juu ya vifundo."

Ukisahau kujikunja. Mlingoti alijaribu kuifikiria siku ile: ngoma, vicheko, watu wote awapendao, na yeye katikati anakumbuka kujikunja. Na kesho yake je? Na miaka yote baada ya hapo? Akaogopa. Mkasi ulikuwa umeshafunguliwa.

"Ngoja, mama. Nipe simu yangu."

"Usimsumbue mwenzio kazini," Shangazi alisema.

"Kuuliza si ujinga, Shangazi."

Kwa kuwa pini zilimzunguka hawezi kusogea, Mama Cherehani aliiweka simu mezani kati ya nyuzi, sauti ikiwa juu.

"Mlingoti wangu!" Fundi Saa alipokea, na nyuma yake saa za watu zikisikika zinagonga kila moja kwa wakati wake. "Gauni likoje? Hapana, usiniambie. Haya, niambie. Hapana!"

"Eti umesema nisivae viatu virefu?"

"Nani kasema?"

"Wewe. Umemwambia Shangazi."

"Mimi?" Kitu kilianguka mezani kwake. "Mimi nilisema asivue! Viatu virefu asivue! Unakumbuka harusi ya binamu yangu, ile picha yetu ya kwanza? Mpiga picha alisema tusogeleane, wewe ukavua viatu ukavificha nyuma. Ukasimama pekupeku kwenye kokoto za moto, unatabasamu kwa ajili yangu. Nilikuona, nikanyamaza. Picha ile siwezi kuitazama mpaka leo. Ndiyo maana nikasema safari hii aje mpiga picha, waje wajomba, aje yeyote, viatu virefu asivue."

"Na watu wakicheka?"

"Wacheke. Mimi siku nzima nimeinamia saa za watu, shingo inaniuma. Niachieni basi mtu mmoja wa kumtazama juu."

Mlingoti alicheka, akalia, pini ikamchoma, akacheka tena. Mama Cherehani alifunga mkasi. Wote wawili wakamgeukia Shangazi.

"Pikipiki ilikuwa inanguruma," Shangazi alijitetea. "Na vae na vue, tofauti yake ni nini? Herufi moja."

"Herufi hiyo moja nusura ikate gauni," Mama Cherehani alisema.

Shangazi akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu afahamike mtaani, neno halikutoka mara moja. "Nilisikia nililotaka kusikia," alisema hatimaye. "Nisamehe, mwanangu." Kisha akaupora ule mfuko wa viatu vya chini, akakata mbio. Alivuka barabara anapiga kelele magari yamngoje, nayo yakamngoja. Alirudi anahema, viatu vya mchuchumio amevishika mkononi, hata mfuko hakusubiri.

Pini zikatolewa zote. Mlingoti akavaa, Shangazi akamfunga kamba za shanga kwa mkono wake, na gauni likashuka upya.

"Wima?" aliuliza Mama Cherehani.

"Wima."

Mkasi ukapita, kitambaa kikaanguka sakafuni, na hakuna aliyepumua mpaka ulipomaliza duara.

Mlingoti akageukia kioo. Sasa kilimkoma kifuani. Magoti, kwa mazoea yake, yakaanza kukunjika.

"Thubutu!" Shangazi akapiga ukelele. Akakikumbatia kioo, akakinyanyua kutoka sakafuni, akakipandisha mpaka uso wake mwenyewe ukapotea nyuma yake. "Unajiona?"

"Bado kichwa, Shangazi."

Shangazi akachuchumia kwa ncha za vidole. "Sasa je?"

"Sasa najiona," Mlingoti alisema. "Najiona mzima."