Sauti Nyuma ya Goli

Mpira wa vipofu una njuga ndani yake. Wachezaji wanaufuata kwa sikio. Lakini goli halilii, kwa hiyo kila timu huweka mtu mwenye macho nyuma ya goli la wapinzani, awaelekeze wanaoshambulia. Katika timu ya kaka yangu, mtu huyo ni mimi. Nataja mita, nataja upande, nasema piga. Watazamaji hawaruhusiwi hata kushangilia mpira ukiwa unatembea. Mimi niliishia shule ya msingi, na sijawahi kuitwa mbele ya watu kwa jambo lolote la maana. Lakini pale nyuma ya goli nikisema kitu, kinafanyika.

Basi Jumapili moja, zikiwa zimebaki siku kumi na tatu tucheze fainali, nikaamka koo linawaka kama nimemeza kaa la moto.

Sikushtuka. Nafanya kazi kwa tabibu wa Ayurveda, ile tiba ya kale ya Kihindi. Natwanga mizizi, nachekecha unga, najaza chupa. Wateja wamemwita Mama Mizizi mpaka jina lake la kweli limesahaulika. Miaka minne nimemsikia akiwaeleza watu habari za koo, nikajiona na mimi nimeshakuwa nusu tabibu. Nikachota manjano, nikachanganya na asali, nikalamba kutwa mara tatu bila kumwambia mtu. Siku ya nne nilikuwa nikimeza mate nafumba macho, mwili unachemka, sauti imebaki mkwaruzo.

Mama Mizizi akanikuta nimeegemea kinu.

"Wewe binti, hebu panua mdomo."

Akanimulika kwa tochi. Hakuangalia hata kwa muda mrefu.

"Umekunywa nini?"

"Manjano na asali."

"Nani kakuandikia?"

Nikajifanya napangusa kinu.

"Mafindofindo yamevimba kama zabibu, yana usaha, na homa hiyo naisikia nikiwa hapa nilipo. Hii siyo kazi ya kinu changu. Vua aproni uende hospitali."

"Mama, si wewe mwenyewe unayesema manjano..."

"Manjano yanatuliza! Nimesema yanatuliza, sikusema yana bunduki. Nenda!"

Aliandika kwenye karatasi majina ya vitu ambavyo angenipa nikirudi, akanisukuma nje.

Daktari alikuwa kijana. Alinipitishia kijiti chenye pamba kooni, nikakaribia kutapika, akaenda kupima na kurudi na jibu: bakteria. Akaniandikia vidonge vya siku kumi.

"Siku ya tatu utajisikia mzima," akasema. "Hapo ndipo wengi wanapoacha dawa, na ugonjwa unarudi umekasirika. Wewe umalize. Na kikombe chako kiwe chako peke yako, usije ukamwambukiza mtu."

Nikampa ile karatasi, nikamwambia ni ya mama ninayemfanyia kazi, huku nikingoja anicheke. Hakucheka. Alisoma kitu kimoja kimoja, akasimama kwenye urukususu, ule mzizi mtamu wa kutafuna, akanipima presha kwanza.

"Huu haumfai mwenye presha. Yako ni nzuri, tafuna kidogo tu, siku chache. Haya ya mama yatakupunguzia maumivu. Vidonge vitaua wadudu. Usivibadilishie kazi."

"Nina mechi Jumamosi ya wiki ijayo. Sauti itarudi?"

"Ukiipumzisha."

Kwa Mama Mizizi, kupumzika hakuna nusu. "Siku tano usiseme neno. Wala usinong'one, kunong'ona kunachosha koo kuliko kusema."

Kwetu kunyamaza siyo jambo dogo. Tunaishi wawili, na kaka haoni tangu utotoni. Asiyesema, kwake ni kama hayupo.

"Dada yupo, au nimebaki na jiko?" akauliza jioni ile.

Nikagonga kikombe kwa kijiko.

"Ahaa. Moja ndiyo, mbili hapana. Umekula?"

Moja.

"Dawa umemeza?"

Moja.

"Mimi ni mzuri kuliko wewe?"

Mbili, tena kwa nguvu.

"Hata bila sauti una mdomo!" Akacheka mpaka akashika mbavu.

Tukaishi hivyo. Asubuhi na jioni nilisukutua koo kwa maji vuguvugu yenye chumvi na manjano, na yeye kutoka chumbani anapiga kelele, "Pikipiki imewaka!" Nikila, nameza kidonge, halafu chai ya mrehani na tangawizi iliyotiwa asali. Meno yakawa ya njano. Siku ya tatu homa ikakatika na kumeza kukawa kwepesi, vilevile kama daktari alivyosema. Niliutazama mfuko wa vidonge, nikameza kingine.

Siku hiyohiyo nikaenda kuangalia mazoezi. Kocha alikuwa amemleta mke wa golikipa wetu. Tunamwita Baragumu, kwa sababu akimwita mtoto, watoto wa mtaa wa pili wanaitika.

"Njoo! Njoo hapa hapa! Piga!"

Kaka akapiga, mpira ukagonga ubao wa pembeni mwa uwanja.

"Njoo wapi?" akauliza.

"Hapa nilipo!"

"Sasa mama, ningekuona ulipo ningekuwa nacheza timu hii?"

Wachezaji wakacheka. Kocha hakucheka. "Huyu angalau anasikika," akasema. "Dada yako hata kikohozi hana. Fainali siwezi kucheza na bubu."

Nikainuka. Koo halikuniuma tena. Neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi.

"Kaa chini," kaka akasema, uso wake umeelekea upande mwingine kabisa. "Najua upo, unanuka tangawizi. Usimjibu. Kaa."

Nikakaa. Ugonjwa wote haukunichosha kama kukaa kule.

Siku ya sita Mama Mizizi akaniruhusu kusema maneno machache. Sauti ilitoka nyembamba kama uzi. Siku iliyofuata ikanenepa kidogo. Ijumaa nikameza kidonge cha mwisho, nikahesabu mita kwa sauti kutoka mlangoni mpaka kinuni, na Mama Mizizi akasema nimwondolee kelele.

Hata hivyo fainali alianza Baragumu. "Siwezi kubahatisha," Kocha alisema. Kipindi cha kwanza kaka alipata nafasi tatu. Mara mbili alimpelekea golikipa mpira mikononi, mara moja ukatoka nje. Wapinzani nao hawakupata kitu.

Wakati wa mapumziko Baragumu akamwendea Kocha akiwa anatoka jasho.

"Mwalimu, mimi nina sauti, huyu ana macho. Mpe kazi yake."

Kocha akanigeukia. "Ikikatika?"

"Haikatiki."

Ilitoka nzito, chini kidogo kuliko ya zamani, lakini nzima. Kaka alikuwa anakunywa maji. Akatabasamu ndani ya chupa.

Nikasimama nyuma ya goli. Golikipa wao, mwenye macho kama mimi, alikuwa hatua mbili tu kutoka kwangu. Uwanja ukanyamaza. Mpira ukazunguka, ukapotea, ukarudi, nami nikangoja. Kuongea ovyo ni kumjaza mtu masikio. Zikiwa zimebaki dakika mbili, njuga zikaanza kulia kuelekea kwetu, na miguu ya kaka nyuma yake.

"Kumi. Katikati."

Akasawazisha mwili.

"Nane. Beki kulia."

Akauvuta mpira kushoto. Beki akapita akilalia hewa.

"Sita. Chini, nguzo ya kushoto. Piga!"

Neno lilikuwa bado mdomoni mwangu, mpira umeshaondoka. Golikipa alijirusha upande uleule, mkono wake ukafika baada ya mpira, na wavu ukafutuka mbele ya uso wangu.

Kimya kile chote kikapasuka. Watu walipiga kelele kama walikuwa wamefungiwa mwaka mzima. Kaka hakukimbilia wenzake. Alikuja moja kwa moja golini, mikono mbele, anauliza, "Goli limeingia? Sema! Nataka kusikia kutoka kwako!"

"Limeingia!" nikapiga kelele kwa mara ya kwanza baada ya siku kumi. "Limeingia, kaka! Limeingia!"

Golikipa wao alikuwa bado amekaa chini, anafuta vumbi magotini.

"Dada," akaniambia, "nimesikia kila neno ulilosema. Na bado nimefungwa."

"Pole, kaka," nikamjibu. "Hukuwa unaambiwa wewe."