Mkeka Uliorukwa

Tone la kwanza lilimwangukia Zuhura kisogoni, akiwa ameinama kugeuza makopa yake ya muhogo juani. Hakutazama juu. Upepo ulikuwa umeshageuka, ukaleta harufu ya udongo kutoka upande wa Ruvuma, na kuku walikuwa wamekwisha kukimbilia barazani.

Akazoa. Safari ya kwanza aliingiza tenga la muhogo mkavu ndani. Ya pili, ungo. Ya tatu akavuta kanga za jirani yake Mwanahamisi zilizokuwa kwenye kamba, doti nzima, akazikumbatia kifuani zisilowe. Safari zote tatu aliuruka mkeka mmoja uliotandikwa katikati ya ua, umeanikwa mpunga mwekundu usiozidi pishi mbili.

Kisha akasimama mlangoni, akatazama.

Mvua ya kwanza ya mwaka haina adabu. Mpunga ulirukaruka, ukatulia, ukaanza kuelea. Kutoka mlangoni hadi kwenye mkeka ni hatua nane. Zuhura alikuwa na miaka arobaini na saba, na hatua za ua ule alizijua kuliko meno yake mwenyewe. Hakupiga hata moja.

Katika ua ule hakuna aliyewahi kumwambia mwenziwe, "Niangalizie." Mama yake Zuhura alikuwa na neno moja tu, akiliita kwa sauti iliyofika nyumba ya nne: "Anueni!" Na aliyekuwa karibu alianua, chake na cha mwenziwe, hata kama wamenuniana. "Mvua haiulizi cha nani," mama alikuwa akisema. Sasa mama alikuwa na siku thelathini na nane kaburini, na neno lake halikuwa na wa kuliita.

Mpunga ule ulikuwa mbegu ya mama. Kwa majirani wote pale kijijini Kilambo hakuna aliyekuwa nayo tena. Wengine walishahamia mbegu za dukani. Miaka mitatu Zuhura alimgeuza mama kitandani, akamwosha, akamnywesha uji kwa kijiko, na shamba akalilima peke yake. Kisha Riziki, mdogo wake, mama lishe wa Rahaleo, alikuja kutoka mjini na mkoba wake unaong'aa, akakaa siku sita za mwisho. Siku ya tano mama alimtuma Zuhura kisimani. Aliporudi, kibuyu cha mbegu kilikuwa mapajani mwa Riziki. Zuhura hakuuliza. Alitua ndoo.

"Si yeye aliyekabidhiwa?" alijisemea sasa pale mlangoni. "Basi na aje aianue mwenyewe."

Mvua haikukaa. Jua lilirudi kana kwamba halikuwa limeondoka, na Riziki akaingia uani amelowa chapachapa, sufuria kubwa kichwani. Alikuwa amekwenda kuazima vyombo vya hitima ya arobaini.

"Dada, leo sufuria ya watu imekuwa mwavuli! Wazee wa pale njiani wamecheka mpaka..."

Akauona mkeka. Akatua sufuria polepole.

"Hukuwepo?"

"Nilikuwa nahangaika na makopa," Zuhura alisema. "Imekuja ghafla."

Riziki alichuchumaa, akapitisha vidole kwenye maji. "Haya. Mvua ya Mungu, dada. Tutafanyaje."

Na pengine mambo yangeishia hapo, kama Mwanahamisi asingeingia anapiga vigelegele.

"Wee Zuhura! Mungu akuongezee mikono mingine miwili! Sare yangu ya harusi ya Jumamosi, nilishaiaga kule kwa mkwe wangu, nikasema hii imekwenda!"

Zuhura akaingia ndani, akazileta. Zilikuwa kavu, tena zimekunjwa.

Riziki alizitazama kanga. Akaitazama kamba, kule upande wa pili wa ua. Akautazama mkeka uliokuwa katikati.

"Ulipita hapa," alisema taratibu. "Uliuruka."

"Sikuumwagia maji mimi. Sikuugusa."

"Ni kweli. Hukuugusa."

Mwanahamisi alizigeuzageuza kanga mikononi kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake. "Shoga yangu," alisema, "kama ndivyo, ungeziacha zilowe." Akaondoka, na safari hii hakuaga.

Paa la bati lilidondosha matone yake ya mwisho.

"Unajua kwa nini alinipa mimi?" Riziki aliuliza.

"Wewe ndiye kipenzi."

"Kipenzi! Mimi Rahaleo nitapanda wapi, dada? Kwenye beseni la vitumbua? Mama alisema, 'Nikimpa Zuhura ataipanda vizuri, na wewe hutarudi tena hapa. Ishike wewe. Mvua ikianza kila mwaka, umletee mwenzio mlime pamoja.' Nimeianika ipate jua, ili baada ya hitima tuipande. Nilikuwa nangoja uniulize. Na wewe hata salamu ya asubuhi unaijibu ukiwa umegeukia ukuta."

Zuhura alipiga magoti kwenye tope, akachota mpunga, akaubonyeza kwa kidole gumba. Ulikuwa umeshaanza kunywa. Mbegu ikishakunywa maji hairudishwi juani; ukiikausha, umeiua. Na shambani bondeni bado kulikuwa kugumu kama kigae, mvua moja haikutosha kitu.

"Lete gunia," alisema.

"La nini?"

"Tuifunike. Asubuhi tunaisia kitaluni, hapa nyuma ya nyumba. Nitaimwagilia."

"Kwa maji gani, na mvua haijakaa sawa?"

"Ya kisimani."

"Dada, kisima kiko mbali. Safari ngapi hizo?"

Zuhura alikuwa ameshaichukua ndoo.

Hitima ilisomwa, watu wakala, Riziki akarudi Rahaleo kwenye sufuria zake. Siku sita anga lilikuwa tupu. Zuhura alikwenda kisimani alfajiri na alasiri, akanyunyiza maji juu ya nyasi zilizofunika kitalu, asizifunue, kwa sababu ndege wanaona haraka kuliko watu. Kila jioni simu ililia.

"Imeota?"

"Bado."

"Haya, dada."

Siku ya saba, alasiri, upepo uligeuka. Kuku wakakimbilia barazani. Zuhura alinyoosha mgongo, akatazama nyua za jirani: mihogo, kanga, udaga, mikeka, na hakuna mtu nje. Akafungua kinywa.

"Anueni!"

Sauti ilifika nyumba ya nne. Ilimshtua yeye mwenyewe. Milango ikafunguliwa, watu wakatoka mbio, Mwanahamisi naye, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akamwinulia mkono wa salamu.

Yeye hakuwa na cha kuanua. Alichuchumaa kando ya kitalu, na tone la kwanza likamwangukia kisogoni. Ndani ya nyumba simu ilianza kulia. Akaziinua nyasi kidogo kwa ncha za vidole, akachungulia.