Goti la Lazaro

Simeoni na jirani yake Lazaro waliwekewa magoti ya bandia hospitalini mwaka mmoja, lakini la Lazaro ndilo lililokunjika vizuri. Kwa kuwa la Simeoni lilikataa kukunjika, kila asubuhi Lazaro alichuchumaa akimkamua ng'ombe wa Simeoni, huku akipiga soga na Winfrida, mke wa Simeoni, kana kwamba zizi ni lake.

Simeoni akaenda kumuuliza daktari.

"Mzee, kano zako zilikuwa zimekwisha," daktari alisema. "Tulikuwekea goti la bawaba, lisiteguke. Hilo halikunjiki sana. Mwenzako kano zake nzima, akawekewa la aina nyingine."

"Nipe kama lake."

"Utaanguka, mzee."

Simeoni alirudi kijijini kwake Mungaa amenuna. Akarundika udongo zizini, akaushindilia mpaka ukafika kimo cha goti. Asubuhi akampandisha ng'ombe juu, akaleta kiti cha sebuleni, akanyoosha mguu na kukamua.

Lazaro alipofika alicheka. "Umemjengea ng'ombe altare?"

"Nimemjengea. Wewe kachuchumae kwako."

Winfrida akapokea maziwa. "Shemeji, usiondoke bila chai," alimwambia Lazaro.

Simeoni aliendelea kukamua, ingawa chuchu zilikuwa zimekauka.