Mbea Ndani ya Kasha Tupu

Barua aliyopewa mkamwana wangu ilikuwa na mistari saba. Sita ilikuwa ya uongo, na wa saba ulikuwa jina lake, nalo wamelikosea.

"Kwa sababu ya uzembe wako katika kuosha na kutakasa vyombo vya upasuaji," ilisema, "wagonjwa watatu wa mifupa wameoza vidonda. Fika mbele ya kamati Ijumaa saa nne asubuhi, ueleze kwa nini usifukuzwe kazi."

Alinipa niisome Jumanne tukiwa kazini, glavu zangu zikiwa zimelowa. Niliisoma mara mbili, maana mara ya kwanza macho yalikataa.

Mtu huyu ni mke wa mwanangu wa pili. Ana miaka tisa katika chumba kile cha vyombo, mimi nina ishirini na sita. Husemwa mama mkwe na mkamwana hawapikiki chungu kimoja. Sisi tunakaa nyumba moja, tunafanya kazi chumba kimoja, na ugomvi wetu mkubwa hadi leo ni chumvi. Akiosha mkasi anaufungua, anausugua kwa mswaki pale kwenye kiungo, kisha anauinua kwenye taa na kuukagua kama anayechambua mchele wa wageni. Huyo ndiye waliyemwita mzembe.

"Mama, usipige kelele," akaniambia.

"Nani anapiga kelele?"

"Wewe. Wamekusikia hadi kwa dobi."

Kazi yetu ni hii. Vyombo vikitoka chumba cha upasuaji tunaviosha, tunavipanga ndani ya makasha ya alumini yenye matundu ya kupitisha mvuke, tunafunga vifuniko, tunaviingiza kwenye mashine. Mvuke ukifika joto la mia na thelathini na nne ndani ya kasha na kukaa dakika zake, vijidudu vimekufa. Usipofika, mmeviogesha tu.

Zamani ushahidi wetu ulikuwa utepe wa nje ya kasha, ule unaogeuka mweusi. Lakini utepe ni kama mgeni wa barazani, ya chumbani hayajui. Basi miezi minne nyuma tukaletewa kihisi kimoja kisicho na waya, duara la chuma linalotosha kiganjani. Unakiweka ndani ya kasha, kinapima joto huko huko, na mlango wa mashine ukifunguliwa kinatuma habari hewani mpaka kwenye kompyuta ya ofisini. Kukiwa salama, kompyuta inaonyesha kijani. Kukiwa na dosari, nyekundu.

Siku ile nilimtegea mkamwana kitendawili. "Kitendawili!"

"Tega."

"Hana mdomo, hana kamba, aliyoyaona chumbani yote ayasema barazani."

"Mbea!" akasema, tukacheka hadi machozi. Jina likashika. Hata mafundi wakawa wanauliza, "Mbea leo kasemaje?"

Mbea kila siku alisema kijani. Na mkuu wetu wa kitengo alivyoipenda ile rangi! Alichapisha karatasi za kijani, akazibandika ukutani, akazipeleka vikaoni, mpaka nasi tukamwita Bwana Kijani, kimoyomoyo. Ni yeye aliyeamuru seti mbili za mifupa zishindiliwe katika kasha moja, ili mizunguko ya mashine ipungue na vyombo viwahi kurudi. Mimi nilimwambia, "Baba, makasha haya yanatoka na maji ndani. Kasha lenye maji halijaiva." Akanijibu, "Bibi, kihisi kinasema kijani. Wewe na kihisi, nani amesoma?"

Nikanyamaza. Hilo najilaumu.

Alhamisi asubuhi, kesho yake ndiyo kamati, nilikuwa napakia mashine. Kasha la mifupa nililinyanyua na mkamwana, huku na huku, na kiuno kikalia. Nyundo, patasi, misumeno, vyuma vya kushikia mfupa, vyote maradufu. Kisha nikachukua kasha la Mbea. Nililinyanyua kwa vidole viwili.

Nikasimama nalo vivyo hivyo.

Bwana Kijani aliagiza tangu siku ya kwanza kwamba Mbea akae peke yake katika kasha tupu, asigongwe na vyuma, maana ni wa bei. Miezi minne, mimi mwenyewe, kwa mikono yangu hii, nimekuwa nikiingiza kasha tupu kwenye mashine na kuuliza kama limeiva! Mpishi gani anaonja sufuria isiyo na kitu halafu anawaambia watu maharage yameiva? Nilipandwa na hasira hata mashine ikaniwia ndogo.

"Mama, vipi?" mkamwana akauliza.

"Fungua hilo la mifupa."

"Tumeshalifunga."

"Lifungue, mwanangu. Mbea anahama nyumba."

Tulimlaza katikati kabisa, kati ya nyundo na misumeno, tukafunga. Mashine ikanguruma dakika zake zote. Kwenye mlango wake namba zilisoma mia na thelathini na nne, safi kabisa. Tulipoufungua nikaenda ofisini, Bwana Kijani hajafika. Kompyuta ilikuwa nyekundu kama pilipili. Mle ndani, Mbea alikuwa ameona mia na kumi na tisa tu.

Sikumwamini mara moja. Kifaa kinaweza kuugua kama mtu. Tukatoa seti moja, tukabakiza moja, tukaosha na kupanga upya, Mbea palepale katikati. Mzunguko wa pili ukatoka kijani, na kasha likatoka kavu kama jiwe la jua.

Wakati huo dirisha la kupitishia vyombo likagongwa. Alikuwa daktari wa mifupa, mama mrefu asiye na subira. "Kasha langu liko wapi? Mgonjwa yuko mezani."

Rafuni nyuma yangu palikuwa na makasha kumi na manne, yote ya seti mbilimbili, yote na utepe mweusi.

"Kwenye haya hupati," nikamwambia.

"Bibi, nimeamka vibaya leo. Usinitanie."

"Na mimi sijalala tangu Jumanne. Hayajaiva, daktari."

"Nani kasema?"

Nilichukua moja mbele yake, nikalikata utepe, nikalifunua na kuliinamisha. Maji yalitiririka kwenye meza, mengi ya kujaza kikombe. Daktari aliyatazama yale maji. Rangi ikamtoka, kisha ikarudi kwa kishindo.

"Tangu lini?"

"Tangu tulipoambiwa tushindilie. Hili moja ndilo zima, limetoka sasa hivi, Mbea shahidi. Chukua." Nikampa la seti moja. "Na kesho saa nne njoo kwenye kamati. Wanamfukuza mtu kwa maji haya."

Ijumaa tuliketi upande mmoja wa meza, mimi na mkamwana. Sikualikwa, lakini nani atamtoa bibi mzima kwenye kiti? Upande wa pili aliketi muuguzi mkuu, na Bwana Kijani na faili lake. Daktari alisimama mlangoni na buti zake za upasuaji.

Bwana Kijani akaanza. "Mashine nzima, kihisi kizima, miezi minne yote kijani. Kwa hiyo kosa liko kwenye mikono inayoosha." Akamwonyesha mkamwana wangu kwa kalamu. Kwa kalamu! Kama anayeonyesha doa.

"Na jana?" daktari akauliza.

"Jana kihisi kilichezewa na mtu asiye na ruhusa. Kimeharibika."

"Kiliharibika saa mbili, kikapona saa tatu?" nikasema. "Mzunguko uliofuata ulikuwa kijani. Hiyo ni homa ya namna gani?"

"Bibi, haya ni mambo ya kitaalamu. Wewe uliishia shule ya msingi."

"Naam, na huko ndiko nilikojifunza vitendawili. Kitendawili!"

Muuguzi mkuu akatazama dirishani. Daktari ndiye aliyeitika, "Tega."

"Nimeajiri mlinzi, nikamlaza kwenye nyumba isiyo na kitu, na kila asubuhi namsifu kwamba hakuna kilichoibwa."

Bwana Kijani akafungua faili, akalifunga.

"Umeshindwa? Basi nipe mji."

"Kihisi kwenye kasha tupu," daktari akasema polepole. "Mliliweka tupu?"

"Kwa usalama wa kifaa," Bwana Kijani akasema.

"Usalama wa kifaa!" Nilisimama. "Kifaa kisigongwe, mtu akatwe mfupa kwa patasi mbichi! Mtu ana mguu unaonuka, mmemwambia hakutunza kidonda. Huyu hapa ana watoto watatu, mmemwambia mchafu. Na chuma kimoja cha duara ndicho mlichokihurumia!"

Muuguzi mkuu akaomba tutulie. Wakanong'ona. Mwisho akasema, kwa sauti ya kubembeleza, kwamba kamati imeona hekima ya kumsamehe mfanyakazi, jambo hili liishe humu ndani, na seti zirudi mojamoja. Akasogeza karatasi ili mkamwana atie sahihi.

Mkamwana wangu hakuwa amesema neno tangu tuingie. Ni mtu wa maneno haba, hata nyumbani utadhani anayanunua. Aliisoma karatasi hadi mwisho, akairudisha.

"Nimesamehewa kosa gani?"

"Ni lugha tu ya ofisi, dada," Bwana Kijani akasema.

"Anayesamehewa ni aliyekosa. Andikeni kwamba sikukosa. Andikeni aliyeamuru seti mbili, na aliyeamuru kasha tupu. Halafu wale wagonjwa watatu waambiwe vidonda vyao vilitoka wapi."

"Hilo la wagonjwa ni zito. Tutalitafakari."

"Tafakarini. Mimi nitangoja hapa." Akakunja mikono. "Chumba cha vyombo hakina mtu. Mashine iko wazi."

Muuguzi mkuu akatazama saa. Daktari akatazama saa. Kule ndani kulikuwa na watu wanne wamepangiwa upasuaji, na vyombo vya kuwahudumia vilikuwa mikononi mwa mwanamke aliyekunja mikono.

"Andika, bwana," daktari akamwambia mkuu wetu. "Wagonjwa nitawaambia mimi, leo, mmoja baada ya mwingine. Nawe utafuatana nami, ukae pembeni ya kitanda, uwasikilize watakalosema."

Aliandika. Alichapa kwa vidole viwili, sisi tukimtazama. Mkamwana aliisoma, akamrudishia mara mbili arekebishe, ya tatu akaipokea. Hakushukuru, nami nilifurahi hakushukuru.

Kisha tukarudi chumbani kwetu, tukavaa aproni. Makasha kumi na manne yalikuwa yakitungoja rafuni na tepe zao nyeusi. Nikashika mkasi, nikakata utepe wa kwanza, na yeye akafungua bomba.