Ndege ya Tano

Hata siku ya maziko walimwita Kinyume. Mwenyekiti wa klabu ya kurusha ndege za mfano, mwalimu mstaafu, alisimama kando ya kaburi akasema marehemu alikuwa fundi samani asiye na mpinzani, ila siku moja tu mikono yake ilimsaliti akaunga nyaya kinyume. Watu wakacheka kile kicheko cha msibani, cha kupumzisha machozi. Mdogo wake marehemu naye akacheka.

Kwa miaka kumi na minne ndugu hawa waligawana kazi. Kaka alijenga, mdogo alirusha. Kaka akishamaliza makabati na vitanda vya watu, alihamia meza ya pembeni, akachonga ndege za kivita za zamani kwa mbao nyepesi kama mkate mkavu: ubavu mmoja mmoja wa bawa, gundi, msasa, msasa tena. Kwenye kiti cha rubani aliweka kisanamu chenye masharubu, na klabu nzima ilijua masharubu yale ni ya mdogo wake. Mdogo mtu alikuwa mpima macho, na vidole vyake vilikuwa vyepesi. Akishika rimoti, ndege ya kilo saba ilijigeuza angani kama yenye roho.

Klabu ilikuwa na sharti moja lisilo na mjadala. Kabla ya kuruka, rubani husukuma kijiti cha rimoti, na mtu mwingine husimama nyuma ya ndege akitaja kwa sauti kile vibawa vya ukingoni mwa mabawa vinachofanya: kushoto kinapanda, kulia kinashuka. Rubani asiyekagua hufungiwa msimu mzima.

Miaka sita nyuma, asubuhi ya kuchagua rubani wa mashindano, kaka alikwenda garini kuchukua bisibisi. Mdogo hakumngoja. Upepo ulikuwa mzuri, watu walikuwa wanatazama, na kichwa chake kilikuwa kimeshavimba. Akairusha. Ndege ikainama kushoto. Akairudisha kulia, ikazidi kulala kushoto. Ikajichimbia ardhini mbele ya macho ya wote.

Hapo ndipo alipotazama kioo cha rimoti. Rimoti moja hutunza mipangilio ya ndege kadhaa, kila moja na nafasi yake. Hii ilikuwa ndege ya tano. Kioo kilionyesha ya tatu, ndege ya mazoezi aliyoirusha wiki iliyotangulia, ambayo vibawa vyake huamriwa kinyume. Akabonyeza mara mbili, ya tano ikarudi. Hakuna aliyemwona.

Mwenyekiti alipouliza nani alisimama nyuma wakati wa kukagua, mdogo alitazama viatu vyake. Kaka ndiye aliyejibu, bisibisi bado mkononi.

"Nilisimama mimi. Nilichanganya. Nyaya nimeziunga kinyume."

Alidanganya kuhusu kusimama, ili mdogo wake asifungiwe. Kuhusu nyaya, aliamini hivyo kweli. Mdogo alijiambia atamweleza jioni. Jioni ikawa kesho, kesho ikazaa kesho nyingine. Yeye akaenda mashindanoni, kaka akabaki na jina. Tangu hapo kaka hakumpa tena ndege. Akiombwa, alisema mikono yake haina uhakika.

Miezi mitatu baada ya maziko, mke wa marehemu alimwita karakanani. Juu ya meza ya pembeni palikuwa na ndege ya kivita iliyokamilika, misumari ya mabawa imechorwa mmoja mmoja kwa ncha ya sindano. Kiti cha rubani kilikuwa kitupu.

Shemeji yake alimwambia marehemu aliomba iruke mara moja mbele ya klabu, na airushe mdogo wake. Akampa rimoti. Mdogo aliiwasha, akazipitia nafasi zote kumi. Tisa zilikuwa zimefutwa. Iliyobaki ilikuwa ya tano.

Akatafuta kigoda, akakaa.

"Wiki ile ile ndege ilipoanguka alizitoa nyaya kwenye mabaki akazipima," shemeji alisema, akifuta vumbi mezani pasipo na vumbi. "Zilikuwa sawa."

"Mbona hakuniambia?"

"Alisema utakuja mwenyewe. Miaka sita, shemeji. Kila gari lililosimama hapo nje, alinyanyua kichwa."

Hakulia. Alisema hataki kingine chochote kwake, anataka jina la mumewe lisafishwe tu.

Jumapili walikwenda uwanjani. Shemeji alisimama nyuma ya ndege. Kabla hawajaanza, mwenyekiti alitania kwamba waangalie vizuri, Kinyume asije akawa ameacha salamu zake humo ndani. Watu wakacheka.

"Hakuwa yeye," mdogo alisema. "Nilikuwa mimi. Sikukagua, na rimoti ilikuwa kwenye ndege nyingine. Nyaya zake zilikuwa sawa."

Mwenyekiti akamwekea mkono begani, machozi yakimlengalenga.

"Hivyo ndivyo ndugu anavyotakiwa kuwa," alisema. "Kumsitiri marehemu ni jambo jema. Lakini mwenyewe alikiri hapa hapa, sote tulimsikia."

Alirudia. Akataja nafasi ya tatu, nafasi ya tano, kubonyeza mara mbili. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyotikisa vichwa kwa huruma. Mwanachama mmoja, daktari wa meno, alimnong'oneza jirani yake kwamba siku hizi ndugu wa hivi hawazaliwi.

"Kushoto kinapanda," shemeji aliita kutoka nyuma ya ndege, sauti kavu. "Kulia kinashuka."

Mdogo akairusha. Iliruka kama kaka alivyotaka, bila kuyumba, jua likimulika kiti kile kitupu, akaitua taratibu kama mtu anayelaza mtoto. Makofi yakapigwa.

"Haya," mwenyekiti alisema, akicheka na kujipangusa macho. "Leo Kinyume amepatia."

Mdogo mtu aligeuka. Shemeji yake alikuwa amepiga magoti, anafungua skrubu za mabawa. Alichukua kila kipande, akakifunga kwenye shuka, akavipeleka garini kwa safari mbili bila kukubali kusaidiwa. Kisha akarudi, akanyoosha mkono.

"Nipe rimoti," alisema.